Wajane walionung'unika, na hesabu zetu za kura na ushuru

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

Kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilikuwa bado changa lilipoingia kwenye mzozo wa mgao. Luka anasimulia kwamba waumini walipoongezeka, wale waliozungumza Kiyunani walianza kunung'unika. Wajane wao walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawanywa kila siku, ilhali wajane wa Waebrania walikuwa wakipata. Ni aya saba tu. Mara nyingi huzisoma tunapowasimika mashemasi, kisha tukafunga Biblia na kwenda kula.

Mpendwa msomaji, zisome tena leo ukikumbuka yaliyopita katika nchi yetu tangu 2022. Utakuta humo mali ya wote, wanaogawa na wanaogawiwa, tofauti za lugha na asili, na watu wanaosema hadharani kwamba hesabu haiko sawa. Mitume hawakuwakemea waliolalamika eti wanavunja umoja, wala hawakuuliza ni nani anayewachochea. Waliita kusanyiko lote, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo. Majina ya hao saba yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Walimu wengi wa Maandiko wameona hapo kwamba kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu ambao upande uliolalamika ungeweza kuwaamini.

Sasa tuje Bomas. Tarehe 15 Agosti 2022, mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Siku hiyo hiyo makamishna wanne kati ya saba walijitokeza kwingine na kusema hawayatambui matokeo hayo. Mwananchi aliyekuwa akitazama runinga afanye nini? Fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa kwenye tovuti, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Lakini wale waliokabidhiwa kujumlisha kwa niaba yetu hawakuwa na sauti moja. Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaidhinisha ushindi huo.

Uamuzi wa mahakama ni wa kuheshimiwa, nami sitaufungua upya hapa. Ila kuheshimu uamuzi ni jambo moja, na kuponya shaka ni jambo jingine. Miaka mitano nyuma, mnamo Septemba 2017, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais. Anayekumbuka hilo haulizi swali la kijinga anapotaka kuonyeshwa hesabu. Hata hivyo, wengi wetu kanisani tulilijibu swali lake kwa wimbo wa amani na shauri la "kubali yaishe". Amani tuliihubiri vizuri mno. Haki tuliitaja kwenye maombi ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kushika mikoba.

Kisha tume yenyewe ikabaki tupu. Muhula wa Chebukati ulimalizika Januari 2023, na hadi Julai 2025 hakukuwa na mwenyekiti wala kamishna. Katikati yake kulikuwa na maandamano ya Jumatatu yaliyoanza Machi 2023, halafu mazungumzo ya Bomas kati ya serikali na upinzani, halafu sheria ya kupanua jopo la kuteua makamishna kutoka watu saba hadi tisa. Katika jopo hilo viongozi wa dini wana viti. Ni mara chache kanisa hukaribia hivyo lile jambo la Matendo 6, la kutafuta watu wa kuhesabu ambao hata aliyelalamika atawakubali. Swali ambalo Mkristo anapaswa kuwauliza wawakilishi wake ni kama walikuwa wakitafuta hilo, au walikuwa wakitafuta tu watu wetu.

Na ushuru? Wapo wanaosema tusichanganye kura na bei ya mafuta. Mwenye duka hawezi kuvitenganisha. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ikaleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Mtu aliyeamini kwamba kura yake ilihesabiwa vizuri hukasirikia makato hayo, kisha akangoja uchaguzi. Mtu asiyeamini anaona ametozwa na mtu ambaye hakumtuma. Ndiyo maana Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza VAT kwenye mkate, vijana wengi ambao hawakuwa wa chama chochote waliingia barabarani. Tarehe 25 walifika ndani ya Bunge, na kesho yake rais akasema hatautia saini. Makumi ya watu walikuwa wameuawa au wangeuawa katika wiki zilizofuata, na maduka ya watu wasio na hatia yaliporwa. Vyote viwili ni dhambi. Lakini hazina uzito mmoja, kwani duka hujengwa upya.

Anayetaka kuona jambo hili katika Maandiko afungue 1 Wafalme 12. Watu walimwendea Rehoboamu wakiomba nira ipunguzwe. Wazee walimshauri awasikilize, yeye akafuata ushauri wa rika lake na kuahidi nira nzito zaidi. Makabila kumi yakaondoka. Ona pia kwamba watu hao walianza kwa kuomba, tena kwa adabu. Mawe yalikuja baadaye, baada ya mfalme kuwatumia msimamizi wa shokoa badala ya jibu.

Najua kuna ndugu atakayenitajia Warumi 13, nami naikubali yote. Ulipe ushuru kwa anayestahili. Lakini Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu, na mtumishi huulizwa hesabu. Paulo huyo huyo, alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kisirisiri. Alitaka mahakimu waje wenyewe. Huko Kaisaria alikata rufaa kwa Kaisari. Alijua haki zake za uraia, na hakuona aibu kuzidai.

Shida kubwa ni kwamba kanisa huuliza hesabu za serikali likiwa na mkono mmoja mfukoni mwa mwanasiasa. Mnamo Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari za Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao rais alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto, akaagiza urudishwe. Wengine waliona ni dharau. Mimi nadhani ilikuwa mojawapo ya mahubiri bora ya mwaka huo. Lakini paa letu bado linavuja, na mheshimiwa anajua mlango. Isitoshe, ni makanisa mangapi ambapo hesabu ya harambee husomwa mbele ya washirika wote, au ambapo uchaguzi wa wazee haujapangwa Ijumaa usiku?

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kabla ya hapo, kila mwaka, Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni na kamati hupokea maoni ya umma. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi katika fedha za umma, na mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Vikundi vya akina mama na vijana vinaweza kuusoma mswada huo pamoja baada ya ibada, na katibu akaandika barua moja kwa kamati. Siku ya kura, baadhi ya washirika wetu watakuwa makarani na mawakala vituoni. Mchungaji awaite mapema, awe na wale wa vyama vyote katika chumba kimoja, waombe na kukubaliana kwamba hakuna atakayetia saini fomu ya 34A ambayo hakuona kura zake zikihesabiwa.