Mabao 23 na mabao 20: nani mfungaji mkali zaidi?

Kila tukizungumzia wafungaji kwenye kipindi cha michezo, jumbe nyingi husema hivi: mwenye mabao mengi ndiye mkali, basi. Leo tuipime kauli hiyo kwa hesabu ndogo ambayo hata wewe msikilizaji unaweza kuifanya kwa simu yako.

Tuanze na Ligi Kuu Tanzania Bara. Msimu wa 2017/18 Emmanuel Okwi wa Simba aliibuka mfungaji bora kwa mabao 20. Msimu uliofuata Meddie Kagere, naye wa Simba, alifunga 23. Ukitazama haraka, Kagere kampita.

Lakini msimu wa Okwi ligi ilikuwa na timu 16, na kila timu ilicheza mechi 30. Msimu wa Kagere timu zilikuwa 20, Ndanda yetu ya Mtwara ikiwemo, na kila timu ilicheza mechi 38. Gawa mabao kwa mechi za msimu: Okwi anapata 0.67, Kagere 0.61. Amissi Tambwe wa Yanga, aliyefunga 21 msimu wa 2015/16 wenye mechi 30, anapata 0.70. Mwenye mabao mengi amekuwa wa tatu! Na ukijua mechi ambazo mchezaji mwenyewe aliingia uwanjani, gawa kwa hizo; ni haki zaidi.

Hatua ya pili ni kuangalia wenzake wamepata nini. Wakulima wa korosho mnalijua hili. Magunia 10 mwaka wa neema si sawa na magunia 10 mwaka ambao ubwiriunga umeshambulia maua. Ili kumjua mkulima hodari, unauliza pia majirani wamevuna kiasi gani.

Wamarekani wanapima hivyo wachezaji wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mwaka 1930 Bill Terry alifanikiwa mara 401 kwa kila majaribio 1,000. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski alifanikiwa mara 301 tu, na bado akaongoza ligi yake. Je, Terry alimzidi mbali? Mwaka 1930 wastani wa ligi ya Terry ulikuwa 303. Mwaka 1968 warushaji mpira walikuwa wakali mno, na wastani wa ligi ya Yastrzemski ulikuwa 230. Terry aliwazidi wenzake kwa asilimia 32, Yastrzemski kwa asilimia 31. Karibu sawa kabisa.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme kocha anatafuta mshambuliaji mmoja kutoka ligi za vijijini. Kijana wa Msimbati ana mabao 12 katika mechi 10, na wa Kitaya ana 7 katika mechi 10. Wengi watamchukua wa Msimbati. Lakini tuseme ligi ya Msimbati kila timu hufunga wastani wa mabao 3 kwa mechi, na ya Kitaya bao 1 tu. Kijana wa Msimbati, kwa bao lake 1.2 kwa mechi, anafikia asilimia 40 ya wastani wa timu katika ligi yake. Wa Kitaya, kwa 0.7, anafikia asilimia 70. Huyu anafunga mahali ambapo kufunga ni kazi.

Hesabu hii haimalizi kila kitu. Haionyeshi pasi, wala ubora wa mabeki. Kocha bado anapaswa kwenda kuangalia kwa macho. Ila itamsaidia asimwache kijana nyumbani kwa sababu tu ligi yake ina mabao machache.

Kwa hiyo makatibu wa timu, tunawaomba daftari. Andikeni matokeo ya kila mechi ya ligi yenu, nani amecheza na nani amefunga. Bila wastani wa ligi, mabao 7 ya kijana wenu yataonekana madogo tu.