Maganda ya mpunga Kagongwa: sukari imo, gharama ni kuitoa

KAHAMA

Kila kilo 100 za mpunga zinazoingia mashineni Kagongwa, wilayani Kahama, huacha maganda ya kilo 20 hivi. Mchele hupata mnunuzi, pumba laini hulisha mifugo, lakini maganda huishia kuchomea matofali au kutupwa. Kwa kuwa nusu hivi ya uzito wa maganda ni sukari iliyofungwa, wazo la kuyageuza spiriti huvutia wenye mitaji midogo. Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji anapaswa kuelewa kazi ya vimeng'enya, kwani hapo ndipo faida hupatikana au hupotea.

SUKARI ILIVYOFUNGWA

Ganda limejengwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi iliyolala sambamba na kushikana kama nyuzi za kamba. Selulosi imezungukwa na hemiselulosi, ambayo nayo ni sukari, na vyote vimegandishwa na lignini, gundi inayoupa mti ugumu wake. Ganda la mpunga limeongezewa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Likichomwa, majivu yake hufikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito, na mengi ni silika hiyo. Vimeng'enya vikimwagiwa ganda ghafi hupata nafasi ndogo mno ya kuingia.

Kwa hiyo ganda hutayarishwa kwanza: hupikwa kwa mvuke wa mgandamizo mkubwa unaoachiwa ghafla, au kwa asidi hafifu, au kwa kostiki soda, ambayo huyeyusha lignini na silika. Kila njia inadai nishati, dawa au vyote viwili.

KAZI YA VIMENG'ENYA

Vimeng'enya vingi vya biashara vya kuvunja selulosi hutokana na kuvu aitwaye Trichoderma reesei. Aligunduliwa Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, akila mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani. Pamba, zao kuu la Shinyanga, karibu yote ni selulosi.

Vimeng'enya hivyo hushirikiana katika makundi matatu. La kwanza hukata mnyororo katikati. La pili lina kishikio kinachonata juu ya selulosi. Mwili wake wenye njia kama handaki huingiza ncha ya mnyororo, kisha husonga mbele ukikata glukosi mbili mbili. La tatu hutenganisha jozi hizo kuwa glukosi moja moja, ambayo hamira huigeuza spiriti. Kundi la tatu likipungua, jozi hurundikana na kulizuia kundi la pili.

Hasara kubwa iko kwenye kishikio. Hunata pia kwenye lignini iliyobaki, na kimeng'enya kilichonaswa huko hakizalishi kitu ilhali kimekwisha kulipiwa. Matayarisho yakiwa duni, bili ya vimeng'enya hupanda.

HESABU YA KILO 100

Kilo 100 za maganda makavu zina selulosi ya kilo 35 hivi. Ikivunjwa yote hutoa glukosi kilo 39, na spiriti isiyozidi lita 25. Hicho ni kikomo cha hesabu. Kiwandani hupatikana pungufu.

Wenye mitaji mikubwa nao wameumia. Kiwanda cha Crescentino, Italia, kilichotumia mabua, yakiwemo ya mpunga, kilifunguliwa 2013 na kusimama 2017. Cha Podari, Romania, kilichotumia mabua ya ngano, kilianza uzalishaji 2022, na mwishoni mwa 2023 mwenyewe, kampuni ya Clariant, akatangaza kukifunga.

LA KUULIZA

Anayeletewa mradi wa aina hii aulize mambo matatu: baada ya matayarisho lignini inabaki kiasi gani, kila lita ya spiriti inakula vimeng'enya vya shilingi ngapi, na bei hiyo inashindanaje na spiriti ya molasi, ambayo sukari yake haihitaji kuvunjwa kutoka kwenye selulosi. Asipopata majibu yenye tarakimu, maganda yaendelee kuchoma matofali. Faida yake ni ndogo, lakini inahesabika.