Vitenzi vya Viowevu: Lugha ya Mitambo ya Maabara za Dawa

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba, katika kueleza kazi ya mitambo ipimayo viowevu maabarani, mzigo mkubwa wa maana huchukuliwa na vitenzi. Waundaji wa istilahi wamezoea kuanza na jina la chombo. Jina ni la lazima. Lakini ajuaye kwamba chombo fulani huitwa pipeti bado hajajua dawa iliyopita ndani yake ilitendwa nini.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yenyewe. Watafutao dawa mpya huwa na hazina ya kemikali nyingi, na kila moja hujaribiwa juu ya protini au seli fulani ili ionekane ina athari gani. Majaribio hufanywa katika mabamba ya plastiki yenye vishimo 96, 384 au 1,536. Asili ya mabamba hayo ni kazi ya Gyula Takátsy, mwanasayansi wa Hungaria, mwaka 1951. Kemikali 100,000, zikitiwa moja moja katika mabamba ya vishimo 384, huhitaji mabamba 261, na kila kishimo hupokea mikrolita chache tu. Mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia tendo hilo mara elfu mia bila kuchoka na kukosea. Kwa hiyo kazi ilikabidhiwa mtambo uongozwao na kompyuta.

Mtambo, hata hivyo, haujui kukisia. Msaidizi akiambiwa "tia dawa" hujua la kufanya. Mtambo hapana budi uagizwe kila tendo: ushuke hadi wapi, ufyonze kiasi gani na kwa kasi gani, utue kwa muda gani, usukume nje, kisha uguse ukingo kwa ncha ili tone la mwisho lisibaki likining'inia. Spiriti huelekea kudondoka kabla ya wakati wake, na gliserini, iliyo nzito mithili ya asali, hupanda polepole. Kila kiowevu hutaka maagizo yake.

Hapa ndipo vitenzi vya Kiswahili vinapostahili kupimwa kimoja kimoja. Zamani wafanyakazi wa maabara walinyonya pipeti kwa mdomo, na baadhi yao waliambukizwa maradhi kwa njia hiyo. Mwaka 1957 Heinrich Schnitger, huko Marburg, Ujerumani, alibuni pipeti ndogo ya pistoni. Kunyonya huleta fikira ya mdomo, ilhali kufyonza husemwa hata kwa udongo na mizizi. Basi fyonza ndicho kitenzi kiufaacho mtambo. Ama kumimina, ni kuacha kiowevu kishuke kwa uzito wake. Pistoni haimimini, bali husukuma.

Kitenzi zimua nacho, kitumikacho kwa uji mzito unaoongezwa maji, chafaa sana. Mikrolita 10 za dawa hutiwa katika mikrolita 90 za kiyeyushi. Kisha 10 za mchanganyiko huo hutiwa katika 90 nyingine, na kuendelea. Baada ya hatua sita, ukali wa dawa huwa sehemu moja ya milioni ya ule wa awali. Kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na zote zifuatazo.

Iko pia mitambo isiyogusa kiowevu kabisa. Mawimbi ya sauti hupigwa kutoka chini, na tone la nanolita 2.5 huruka juu hadi kwenye bamba lililofudikizwa. Tendo hilo ni kurusha. Kuliita kumimina ni kusema kinyume cha mambo yalivyo.

Huenda ikadhaniwa kwamba tofauti hizi ni za wanalugha tu. Sivyo. Mwaka 2013 Sean Ekins, Joe Olechno na Antony Williams walichapisha uchunguzi wa kemikali zilizopimwa kwa njia mbili: kwa kuzimua hatua kwa hatua kwa ncha za plastiki, na kwa kurusha matone kwa sauti. Kemikali zilikuwa zile zile, lakini nguvu zilizoonekana hazikulingana. Kwa jumla zile zilizorushwa zilionekana kuwa kali zaidi. Njia ya kuhamisha kiowevu, basi, ni sehemu ya matokeo. Ripoti isemayo tu kwamba "dawa iliwekwa" humficha msomaji jambo ambalo laweza kufanya kemikali njema itupwe.

Hivyo, orodha ya istilahi za maabara haina budi kuanza na kitenzi na kukifuatisha minyambuliko yake: fyonza, mfyonzo, ufyonzaji, zimua, mzimuo, uzimuaji, rusha, mrusho, urushaji. Majina ya vyombo yatapatikana kwa urahisi kutokana na matendo hayo, nayo yatabaki na maana hata vyombo vyenyewe vitakapobadilika.