Vifuko vya Sumu Ndani ya Gunia la Mahindi

Wakati wa mavuno, jamaa zetu wa Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, hawakosi kuwatumia watu wa mjini gunia la mahindi. Je, msomaji, ukilifungua na kukuta punje zimeota kuvu ya kijani, hufanya nini? Wengi wetu huosha, hukausha na kupeleka kwa posho-mili.

Hatari iko hapo. Aflatoksini hutengenezwa hasa na kuvu mbili za ukoo mmoja, Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Mwaka wa 2009, watafiti wa Marekani walionyesha jinsi hiyo ya pili inavyofanya kazi. Sumu huandaliwa katika vifuko vidogo mno ndani ya seli ya kuvu, kisha vifuko husogea hadi ukingoni na kuimwaga nje. Kwa hivyo unapopangusa punje, umeondoa kiwanda tu. Bidhaa imekwisha kuingia ndani. Hata githeri ikitokota kutwa nzima, sumu haiishi.

Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa ini kuharibika, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi na unga wa madukani ulipopimwa katika wilaya hizo mbili pamoja na Machakos na Thika, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo.

Kuvu hizi pia hutoa vifuko vingine vinavyosafiri nje ya seli. Hapa pana jambo la ajabu. Aspergillus flavus huweza kushambulia mapafu na macho, hasa ya mtu ambaye kinga yake imedhoofika. Mwaka wa 2020 watafiti wa Brazil walichukua vifuko vyake na kuviweka pamoja na seli za panya ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Seli hizo zilizinduka, zikameza na kuua kuvu kuliko awali. Adui, kwa mizigo yake mwenyewe, alikuwa amepiga mbiu.

(Usije ukadhani mahindi mabovu ni chanjo! Majaribio hayo yalikuwa ya maabara, na aflatoksini yenyewe hudhoofisha kinga.)

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si mchangani, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Yaliyooza nayo usimpe ng'ombe: sumu hiyo hutokea tena katika maziwa ya chai ya watoto.