Ulipona saratani utotoni? Hofu yako pia ina tiba

Uliugua saratani ungali mtoto, ukatibiwa, ukapona. Sasa una miaka 20 na ushei, lakini kila homa ikikushika hupati usingizi: je, imerudi? Jamaa hukwambia, "Shukuru Mungu, wewe ulipona." Unanyamaza.

Msomaji, huko si kukosa shukrani. Sisi madaktari tunaijua hofu hii. Yaweza kuja miaka mingi baada ya matibabu, pamoja na huzuni na wasiwasi kuhusu ndoa na uzazi.

Inatibika kwa mazungumzo. Mtaalamu wa ushauri nasaha hukufundisha kuyapima mawazo yanayokutisha na kurudia polepole yale unayoyakwepa, kama kwenda kliniki. Ukiwa mbali, waweza kuongea naye kwa simu au kwa video kupitia intaneti. Hakikisha amesajiliwa, nawe tafuta chumba chenye faragha.

Lakini simu haipimi mwili. Ukiona uvimbe, homa isiyoisha au ukikosa pumzi, nenda hospitali na rekodi zako za zamani. Baadhi ya dawa za saratani, kama doksorubisini, zaweza kudhoofisha moyo baadaye. Na ukiwaza kujiua, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu, akupeleke hospitali mara moja.