Kaa Aliyebeba Wino

Ukimkuta kaa wa bronzi katika kabati la makumbusho, usiishie kuustaajabia ufundi wa miguu yake. Tafuta pa kutilia wino. Mara nyingi ni kombe aliloshika kwa gando, na kombe hilo ndilo sababu ya kaa mwenyewe kuwapo. Chombo hiki ni kidau, na bila wino hakieleweki.

Vidau vya namna hii vilistawi Padua, kaskazini mwa Italia, mwanzoni mwa karne ya 16. Mji ulikuwa na chuo kikuu tangu 1222, na wasomi wake walioandika usiku walihitaji wino, mshumaa, na mchanga wa kunyunyizia maandishi yakauke. Mafundi wakaviweka vyote mikononi au migongoni mwa wanyama na viumbe wa hadithi za kale: chura mwenye kombe mgongoni, au satiri, nusu mtu nusu mbuzi, ameshika kishikizo cha mshumaa.

Kaa na chura wengi hawakuchongwa. Mnyama halisi aliyekufa alifunikwa kwa udongo laini, udongo ukachomwa, mwili ukawa majivu. Majivu yakaondolewa, na uwazi uliobaki ukamiminiwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Mafundi wengine walitengeneza kwanza kiolezo cha nta, ili mnyama mmoja azae vidau vingi. Ndiyo maana kila kipele cha ngozi kinaonekana. Kwa msomi aliyesoma maumbile ya viumbe katika maandishi ya Aristotle, mnyama huyo hakuwa pambo tu. Alikuwa somo aliloweza kulishika.

Bingwa wa mji alikuwa Andrea Briosco, aliyeitwa Riccio kwa nywele zake zilizojikunja. Alifunzwa ufuaji dhahabu na baba yake, ila jongo likamlazimu kuiacha kazi hiyo. Kinara chake cha mshumaa wa Pasaka katika kanisa la Mtakatifu Antonio, kilichoagizwa 1507 na kukamilika 1516, kina urefu wa karibu mita 4, na kina satiri kama wale wa mezani.

Umaarufu huo uliwaponza wakusanyaji wa baadaye, waliobandika jina la Riccio kwa karibu kila chura wa bronzi. Vidau vingi vilitoka karakana nyingine, ikiwamo ya Severo da Ravenna, iliyounganisha vipande kwa skrubu. Kwa vidau vya aina hii, kibao kinachosema “Padua, karne ya 16”, bila jina la fundi, ndicho ninachokiamini zaidi.