Mwalimu, usiondoke bila kutuaga

Mwezi huu tuongee kuhusu jambo linalogusa kila nyumba hapa kambini: siku mwalimu anapoondoka.

Mwaka 2006 nilikuwa darasa la tano katika kambi ya Lugufu, mkoani Kigoma. Safari za kurudi Kongo zilikuwa zimeanza mwaka 2005. Watu walipelekwa Kigoma mjini, wakapanda meli, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Baraka. Jumatatu moja tulikaa darasani tukimngoja mwalimu wetu. Saa mbili, saa tatu, hakuna mtu. Mwishowe mtoto wa jirani yake akasema, "Mwalimu ameenda. Nyumba ni tupu."

Basi, ndiyo hivyo tu. Rafiki yangu alilia sana. Alidhani mwalimu amekasirika kwa sababu Ijumaa tulipiga kelele. Tena daftari la maksi halikuonekana. Mwenzetu mmoja aliporudi Fizi na wazazi wake hakuwa na karatasi yoyote ya shule, akarudishwa darasa la nne. Na sisi tulikuwa tunafuata masomo ya Kongo, kwa Kifaransa, ili tukirudi tusipotee!

Mwalimu aliyefuata alikuwa mama mmoja wa Uvira. Mwaka 2007 naye akapata safari, lakini yeye alitueleza kwa mdomo wake. Alisema, "Watoto wangu, siondoki kwa sababu yenu. Nimeamua kurudi nyumbani." Alimleta mwalimu mpya, akakaa naye darasani siku mbili, kisha akamkabidhi daftari la maksi mbele yetu. Kila mtoto alipewa karatasi ya matokeo yenye sahihi na muhuri. Jioni alipita kwa wazazi kuwaaga, na deni la chumvi alilokuwa nalo akalilipa. Wazazi walichanga unga na maharage, tukala, tukaimba. Asubuhi tulimsindikiza mpaka kwenye gari. Tulilia, ndiyo, lakini kesho yake darasa lilijaa.

Tunajua kwa nini wengine wanaondoka kimya. Safari inaweza kuahirishwa, au jina likatolewa kwenye orodha dakika ya mwisho. Wengine wanaogopa husuda, wengine madeni. Hatuwalaumu. Lakini mwalimu, si lazima utangaze tarehe. Weka daftari la maksi sawa tangu leo, mkuu wa shule ajue lilipo. Waambie watoto mapema kwamba siku moja unaweza kuondoka, na kwamba haitakuwa kosa lao. Hata dakika tano za kuaga zinatosha.

Nanyi wazazi, mwalimu huyo ni mkimbizi kama ninyi, anafundisha kwa posho ndogo. Mshukuruni akiwa bado yupo. Msingoje siku ya gari.

Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na sisi tuliobaki tukaletwa hapa Nyarugusu. Vitu vingi vilipotea njiani, lakini karatasi ya mama yule ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne. Milima haikutani, binadamu hukutana. Nikimwona nitamwonyesha.

Na wewe msomaji, mwalimu gani alikuaga vizuri? Tuandikie.